Sufuria ya Kikundi na Supu Yangu ya Wiki

Mpaka leo nikienda kununua nyanya kwa Mama Katunge kuna mtu lazima aniulize kama wale wageni wangu walifika nyumbani salama, na watu wote waliosimama pale watacheka, nami nitacheka pamoja nao kwa sababu sina la kufanya. Afadhali basi niwaambie mwenyewe jinsi nilivyoaibika, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi. Aibu yenyewe ilitokana na supu. Na si supu ya mbuzi, ambayo angalau mtu anaweza kuaibika nayo kwa heshima, bali supu ya kamande, zile dengu ndogo bapa, na mboga, kitu ambacho hapa Machakos watu wengi wanaona ni cha mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya wapima ardhi mjini, na naishi kwenye ploti ya nyumba za kukodi upande wa barabara ya Mitaboni, chumba kimoja na sebule, peke yangu. Zamani nilikuwa nakula mchana kwenye hoteli iliyo chini ya ofisi, chapati na maharagwe, kila siku, mpaka tumbo likaanza kunung'unika kwenye mikutano kwa sauti ambayo hata bosi aliisikia. Ndipo nikaanza utaratibu wangu wa Jumamosi: napika supu moja ya kutosha wiki nzima, naigawanya kwenye mikebe, naiweka kwenye friji, na kila asubuhi natoka na mkebe wangu. Kioko, mwenzangu wa pale ofisini, alipoona mikebe hiyo akaomba aingie. Mama yake analima Katangi, kwa hiyo tukakubaliana yeye alete mboga, mimi nipike, halafu tugawane. Huo ndio ulikuwa uhusiano wetu wote, na naomba muukumbuke hivyo, kwa maana baadaye hakuna mtu aliyetaka kuukumbuka hivyo.

Shida ikawa vyombo. Sufuria zangu ni za mtu mmoja, na supu ya watu wawili ya wiki nzima ilikuwa inanitaka nipike awamu baada ya awamu, Jumamosi inaisha nikiwa bado nakata vitunguu. Mimi ni mtu wa mpango (nguo zangu zimepangwa kabatini kwa rangi, mnaonijua mnajua), na kazi ya kurudiarudia inaniuma. Nikafikiri: mbona nisipike mara moja tu, kwenye sufuria moja kubwa? Na sufuria kubwa niliijua ilipo.

Ilikuwa kwa Mama Katunge. Akina mama wa kanisa letu, lile nililolelewa na ambalo mama yangu husali mpaka leo, wana kikundi, na kikundi kina vyombo vyake, sahani, vikombe, mabakuli na masufuria makubwa yenye masikio mawili, na vyote huwekwa kwenye stoo iliyo nyuma ya kibanda chake cha mboga. Vyombo hivyo hutoka kukiwa na jambo. Harusi, mazishi, au wageni wanaokuja kuposa. Na sufuria ya kikundi haitoki peke yake, hilo nalo nililijua: ikienda kwa mtu, akina mama nao huifuata, kila mmoja na mwiko wake na kitu cha kuongezea, wakoroge, wapakue, waoshe, kisha waondoke nayo. Nilijua hayo yote tangu utotoni. Lakini siku hiyo niliifikiria sufuria kama sufuria tu.

"Mama, naomba ile sufuria kubwa nipikie kesho," nikamwambia Ijumaa jioni.

"Kubwa gani? Ile ya masikio?"

"Hiyo."

Akaacha kufunga sukuma. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, polepole. "Uko na wageni?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitakiwa kusema, hapana Mama, ni chakula changu cha wiki, mimi na mwenzangu wa kazini. Lakini alikuwa ameshaitoa nje, na nilipoiona, sufuria ambayo mtoto angeweza kuogeshwa ndani, yale maneno "ni yangu" yalikataa kutoka. Nilijiona nikisimama kanisani huku watu wakinong'ona kwamba yule ndiye msichana anayekula kwa sufuria ya mazishi. Nilicheka kidogo, nikaangalia viatu vyangu.

Sasa ninyi mnajua, na mimi nilipaswa kujua. Msichana wa umri wangu, ambaye hajaolewa, ambaye mama yake amemwombea mbele ya kanisa zima, akiulizwa habari za wageni halafu acheke na kuangalia chini, amejibu. Hakuna jibu lingine linalohitajika. Mama Katunge akanishika mkono kwa upole ambao hajawahi kunionyesha akiniuzia vitunguu.

"Haya, mwanangu. Chukua. Mungu ni mwema."

Nikafikiri anazungumzia sufuria. Nikaibeba kichwani, nikapita nayo barabarani mbele ya fundi cherehani, mbele ya kinyozi, mbele ya vijana wa boda boda, nikiwasalimia wote.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mtu mwenye furaha kweli. Sufuria haikutosha kwenye meko ya ndani, kwa hiyo nikawasha moto wa kuni uani, kwenye mafiga ambayo mwenye ploti huyatumia Krismasi. Nikachagua kamande kwenye ungo na kutoa vijiwe, nikaziosha mpaka maji yakawa safi, nikakaanga vitunguu na tangawizi, nikatia nyanya, nikakata karoti za wiki iliyopita vipande vilivyolingana (msicheke, karoti zikilingana zinaiva pamoja), nikaweka maji. Nyingine Kioko angeleta, pamoja na sukuma na kabichi za kutia mwishoni. Jua lilikuwa limetoka vizuri, harufu ya tangawizi imejaa uani, na nikasimama pale na mwiko nikijipongeza kwa akili yangu. Kasoro ilikuwa moja tu. Supu yangu, ambayo kwenye sufuria zangu ilikuwa inamwagika, humo ndani ilikuwa imelala chini kabisa kama maji ya mvua yaliyobaki kwenye karai.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa amejifunga leso mbili na ameshika mwiko wake mwenyewe.

"Tumekuja," akasema.

"Mmekuja wapi?"

Nyuma yake geti lilikuwa linafunguliwa tena, na akina mama wa kikundi walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wengine na viti vya plastiki vichwani, mwingine na maziwa, mwingine na sukari, na Mama Katunge mbele yao akiwa amevaa sare ya kikundi. Alikuwa amefunga kibanda. Jumamosi, siku ya soko, Mama Katunge alikuwa amefunga kibanda kwa ajili yangu.

Wakaizunguka sufuria na kuchungulia ndani.

"Nini hii?" akauliza Mama Brayo.

"Ni kamande."

"Naona ni kamande. Nyama iko wapi?"

"Haina nyama. Ni ya mboga."

"Wageni watoke kwao mpaka hapa, wakunywe kamande," akawaambia wenzake, si mimi. "Watasema tumewapea ile ya hosipitali."

"Na iko chini hivi," mwingine akasema. "Hata mwiko haulowi."

"Mama," nikamgeukia Mama Katunge, "kusema ukweli hakuna wageni."

Akatabasamu. Wote wakatabasamu. "Hata mimi nilisema hivyo hivyo," akasema. "Baba Katunge ameshafika kwa geti na mimi bado nasema ni watu wa kununua ng'ombe."

Wakacheka mpaka viti vikalia. Nikasema tena hakuna, nikaapa, na kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuniona ni mtoto aliyelelewa vizuri. Msichana anatakiwa kukana. Ningekubali haraka ndiyo wangeshtuka. Nilipogeuka kutazama supu yangu, Mama Brayo alikuwa ameshatia viazi ndani, na mtu mwingine alikuwa anamimina maji, na matumbo ya mbuzi yaliyooshwa vizuri yalikuwa yanaingia kwa zamu yake. Sufuria ikaanza kujaa. Nilisimama kando na mwiko wangu mkavu, nikitazama wiki yangu nzima ikigeuka kuwa kitu nisichokijua.

Wakati huo simu ikalia. Alikuwa Mwaitu, yaani mama yangu, akipiga kutoka Mitaboni.

"Nasikia uko na wageni," akasema.

"Mwaitu, ngoja nikueleze."

"Nakuja," akasema, akakata.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Akina mama wangenicheka na kusahau, au kunicheka na kutosahau, ningeishi tu. Lakini mama yangu ni mjane ambaye miaka yote hii amekuwa akisaidia kupikia mabinti wa watu wengine, akirudi nyumbani ananipigia simu kuniuliza kama ofisini kuna watu wazuri. Sasa alikuwa njiani, amevaa nguo nzuri, akiamini kwamba siku yake imefika, na angeingia kwenye geti hilo mbele ya marafiki zake wa kanisa akute supu. Nilitaka nimkute barabarani kabla hajaingia. Nikaanza kuelekea getini, na kabla sijalifikia, gari likasimama nje.

Alikuwa Kioko. Akina mama walipoanza kuingia nilikuwa nimempigia kumwambia asije, lakini simu yake ilikuwa imezimwa. Kwa kawaida huja kwa boda boda na mfuko wake wa mboga, lakini siku hiyo alikuwa amepata lifti kwenye pikapu ya mjomba wake, Mzee Mutiso, mtu mrefu mwenye kofia na koti la suti, kwa sababu Mzee Mutiso haingii Machakos bila koti hata kama amekuja kununua dawa ya ng'ombe. Wakashuka. Mzee na kofia yake. Kioko na gunia la mboga begani.

Nyuma yangu vigelegele vikalipuka.

Nawaambia, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa Kioko. Alisimama getini na gunia lake, akaniangalia mimi, akawaangalia akina mama wa sare, akaangalia viti vilivyopangwa, halafu akaniangalia tena kama mtu anayeuliza ni nani amefariki. Mzee Mutiso yeye alivua kofia na kuinamisha kichwa, kwa kuwa ni mtu wa heshima na mahali popote akipokewa vizuri naye huitikia vizuri. Wakamkalisha kwenye kiti changu cha ndani, kile chenye mto. Kioko wakamkalisha pembeni yake. Gunia likapokelewa kwa mikono miwili, likafunguliwa, na Mama Brayo akainua karoti moja juu kwa wenzake waione.

"Za Katangi," akasema Kioko, kwa sauti ndogo.

"Ameleta kutoka kwao," Mama Brayo akatafsiri.

Mama Katunge akasimama kuomba. Akamshukuru Mungu kwa siku hii, kwa safari ya wageni, kwa kijana huyu na kwa wale waliomlea, na nilipofungua jicho moja nikamwona Kioko naye amefungua moja, ananitazama. Kisha amina, kisha chai ya maziwa ikaanza kupita. Mzee Mutiso akanywa nusu kikombe, akapangusa mdomo, akauliza kwa utaratibu kabisa:

"Samahani akina mama. Mimi nilikuwa napita tu kumshukisha huyu. Hii sherehe ni ya nani?"

Vikombe vilisimama hewani. Mama Katunge akanigeukia, na sura yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeanza kuhesabu vitu kimoja kimoja: kucheka kwangu, kibanda alichofunga, simu alizopiga. Na ni wakati huohuo boda boda iliposimama nje na mama yangu akaingia, amevaa gauni lake la Pasaka, amekumbatia kuku.

Ikabidi niseme. Nilisema nikiwa nimemwangalia yeye tu.

"Hakuna wageni. Ni supu. Ni chakula changu cha wiki."

"Chote hicho?" akauliza Mama Brayo.

"Changu na cha Kioko," nikasema, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kuanguka akiwa tayari yuko chini.

"Mnakula pamoja?"

"Hapana. Tunagawana. Kila mtu anakula kwake."

"Mimi huja na mikebe," Kioko akaongeza, akiinua mfuko wenye mikebe mitupu, na nilitamani angenyamaza.

"Chakula cha wiki," Mama Katunge akarudia polepole. "Unapika leo, unakula Ijumaa." Alisema kama mtu anayesoma habari za kifo. Wengine walianza kuangalia chini. Wawili walianza kutafuta leso zao. Najua sura ya watu waliofanywa wajinga bila kupenda, na nilikuwa nimeiweka mimi kwenye nyuso za wanawake walionifundisha kuimba.

Mama yangu hakunitazama. Alimpa Kioko kuku amshikie (Kioko akamshika, angefanya nini), akamsalimia Mzee Mutiso kwa mkono, akamsalimia Mama Katunge, akazunguka viti vyote akiwasalimia mmoja baada ya mwingine kwa majina, bila haraka, kama mtu aliyefika mahali anapongojwa. Akamalizia kwenye sufuria. Akaonja kwa mwiko wa Mama Brayo.

"Huyu msichana anakaa hapa mjini peke yake," akasema, bado akiangalia supu. "Akiugua ni nyinyi mnaniita. Akichelewa ni nyinyi mnauliza yuko wapi. Na mimi sijawahi kuwapa hata kikombe cha maji. Basi leo ni leo. Wageni ni nyinyi. Kaeni mkule."

Mama Brayo akasema, "Lakini matumbo bado," na mtu akacheka, na kicheko kikazunguka, na leso zilizokuwa zimechukuliwa zikarudishwa kwenye viti. Mama Katunge alikuwa wa mwisho kucheka. Alicheka akinionyesha kwa kidole, akashindwa kusimama, akamshika mama yangu begani. Kuku alichinjwa. Karoti za Katangi ziliingia zote, na kabichi, na sukuma. Mzee Mutiso, aliyekuwa anapita tu, alikula sahani mbili na kuuliza kama kamande zinakubali udongo wa kwao. Tulikula mpaka jua likaanza kupungua, na naomba niseme ukweli, ilikuwa supu nzuri kuliko yangu.

Watu walipoondoka tukabaki mimi na Mwaitu tunasugua sufuria kwa majivu. Nikamwambia pole. Nikamwambia sikukusudia kumfanya atumaini halafu nimwaibishe mbele ya watu.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto mdogo. "Nitumaini nini?"

"Wageni."

"Tangu lini watu wakaenda kuposa kwa nyumba ya kukodi? Wageni wa namna hiyo huja kwangu. Mimi nilipopigiwa simu nilijua hakuna kitu." Akamwaga maji machafu kando ya ukuta. "Hao walisahau kwa sababu ya furaha."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Ungesimama mbele yao na nani?"

Nikaendelea kusugua.

"Na kuku?" nikauliza baadaye.

"Nilijua utakuwa umepika kitu hakina nyama."

Wiki hiyo nilikula kwenye hoteli ya chini, chapati na maharagwe, siku zote, na Kioko alikaa meza ya pili akila hivyo hivyo. Siku ya pili aliniuliza kama Jumamosi ijayo aje na mjomba wake au aje peke yake, nami nikamwambia aje na mboga.

Tangu hapo nimejiwekea sharti. Napika kwenye sufuria zangu ndogo, awamu baada ya awamu, hata kama nitamaliza Jumamosi yote nikikata vitunguu, na mtu akiniuliza swali kuhusu chakula changu, sicheki wala siangalii viatu, namjibu hapo hapo kwa maneno. Nililijaribu sharti hilo mapema. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakoroga kwenye meko, mlango wazi, Mama Katunge akapita uani akielekea kwa Mama Brayo. Akasimama mlangoni akanusa.

"Leo ni ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Ya wiki?"

"Ya wiki."

Akaingia, akachukua bakuli kwenye kabati langu, akaninyooshea.

"Basi nipatie ya Jumatano."